Atomi tatu kwa miaka tisa: hivi nayo ni elementi?

Chati ya elementi iliyokuwa ukutani kwetu sekondari, ile jedwali la viboksi, kule chini kulia kulikuwa na vijina vya ajabu, Uut, Uup, Uus, Uuo, na ticha ukimuuliza anakwambia hizo bado, ruka. Hiyo "bado" iliisha 2016 zilipopewa majina kamili, nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni, mstari wa saba ukajaa. Ubishi ndo haujaisha. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika, kinakufa kabla hujapepesa jicho, kipewe kiboksi sawa na chuma?

Wanaokataa wana hoja nzito jamani. Oganesoni, namba 118, yaani kiini chake kina protoni 118, inapatikana kwa kuirushia kaliforniamu atomi za kalsiamu-48, kalsiamu nzito, kwa kasi ya kutisha, Warusi wa maabara ya Dubna walifanya hivyo wakishirikiana na Wamarekani wa maabara ya Livermore, na zilizoonekana ni za kuhesabu kwa vidole, kila moja ikaisha ndani ya milisekunde. Na hiyo kalsiamu-48 haifiki hata asilimia 0.2 ya kalsiamu yote ya asili, kwahiyo kuitenga tu ni hela ndefu. Matumizi? Hakuna. Kuna wanaojitetea na teknesiamu, eti nayo iligunduliwa kwa kutengenezwa, 1937, na leo hospitali wanapigia picha za mifupa na moyo, mi naona huko ni kuchanganya mada, ile ya hospitali nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni masaa 6, unamchoma mgonjwa na muda wa kumpeleka kwenye mashine unao. Oganesoni utamchoma nani.

Alafu kuna ile aibu ya 1999, maabara ya Berkeley, Marekani, walitangaza wameipata 118, maabara zingine zikarudia hazioni kitu, kuja kuchunguza kumbe data zilipikwa, tangazo likafutwa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Wajapani wa taasisi ya utafiti ya RIKEN, timu ya Kosuke Morita, tangu 2003 walikuwa wanapiga bismuthi kwa zinki wakiitafuta 113, ndo hiyo nihoniamu. Atomi ya kwanza 2004, ya pili 2005, alafu kimya mpaka 2012 ndo ikaja ya tatu. Atomi yenyewe hawaioni, wanachodaka ni mabaki, kiini kinatema alfa moja, kipande chenye protoni mbili, nyingine, nyingine, na kila ikitemwa namba inashuka mbili. Mbili za mwanzo zilitema nne zikafika kwenye dubniamu zikapasuka, ya tatu ikatema sita mpaka mendeleviamu, ikipita kwenye viini ambavyo tayari vinajulikana. Ni kama kumjua mtu kwa kuwajua watoto na wajukuu zake. Atomi tatu ni chache, sawa, ila ushahidi wa namna hiyo utaupinga na nini? Tena sharti la kimataifa la kuitwa elementi ni kiini kidumu walau sekunde 0.00000000000001, muda wa kutosha kujivalisha elektroni, na hawa wanalipita kwa mbali sana.

Kilichonivuta mimi zaidi ni kemia ya hizi elementi. 2007 watafiti walizipitisha atomi chache za koperniciamu, 112, kwenye mfereji wenye dhahabu, huku moto kule baridi, waone zitanasa wapi. Kwenye jedwali iko chini ya zebaki, na zebaki na dhahabu wachimbaji wa Geita wanajua zinavyopendana. Ikanasa kweli, ila kwa ulegevu kuliko zebaki. Manake kiini kikiwa na protoni nyingi hivyo elektroni za ndani zinakimbia karibu na kasi ya mwanga na tabia nzima inaanza kubadilika, jambo hilohilo ndo linaipa dhahabu rangi yake ya njano.

Kwahiyo koperniciamu kwangu ina kiboksi chake halali, imeulizwa na imejibu. Nihoniamu nayo sina neno. Oganesoni ipo, sikatai, ila kuipanga foleni moja na heliamu na neoni kama gesi ni kukopeshana tu, mahesabu yanaonyesha kwenye joto la kawaida huenda ingekuwa kitu kigumu kabisa, na kwa maisha ya chini ya milisekunde hakuna aliyeweza kuipitisha kwenye mfereji wowote.

Na njia ya kalsiamu-48 imefika mwisho, ukitaka 119 kwa njia hiyo unahitaji shabaha ya einsteiniamu na hamna ya kutosha duniani. 2024 Berkeley walijaribu titaniamu-50 juu ya plutoniamu, siku 22 wakapata atomi mbili za livermoriamu, 116, ambayo tunayo tayari. Walikuwa wanapima njia kwanza, wanachokitaka ni 120.