Safaktanti peke yake haitoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema safaktanti, dawa ya mapafu ya vichanga, ikifika hospitali za wilaya, watoto njiti hawatakufa tena kwa kushindwa kupumua. Mimi ni muuguzi wa wodi ya vichanga, nakubali nusu. Dawa hiyo huzuia vifuko vya hewa vya mapafu kusinyaa mtoto anapotoa pumzi; nimeona kichanga wa gramu 1,100, kifua kinabonyea hadi mbavu zinahesabika, akitulia ndani ya saa moja. Lakini hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na huingizwa kwenye njia ya hewa na mtu mwenye mkono uliozoea. Umeme ukikatika je? Mama akiwahi kuchomwa deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni, kabla ya kujifungua njiti, hatari ya mtoto kushindwa kupumua hupungua mapema. Wenzangu wa wilayani, kwenu mama anachomwa kwa wakati?