Selimundu na hesabu ya dola milioni 2.2

Desemba 8, 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri vinasaba kwa CRISPR, zana inayokata na kurekebisha jeni. Uingereza ilikuwa imetangulia wiki tatu tu. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa walikaa angalau mwaka mzima bila kupatwa na yale maumivu makali ambayo kila mzazi wa mtoto mwenye sikoseli anayajua kwa sauti ya kilio chake. Bei ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Tangu siku hiyo, kila ninapogusia vinasaba mbele ya watu wa afya, hesabu moja hutolewa na mazungumzo yanaishia hapo. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Zidisha kwa milioni 2.2 upate dola bilioni 24. Bajeti yote ya serikali ya 2023/24, yenye mishahara, barabara, madeni na shule ndani yake, ilikuwa shilingi trilioni 44.39, ambazo hazifiki dola bilioni 20. Basi, tunaambiwa, hayo ni mambo ya wenzetu. Sisi tuhangaikie vidonge.

Na vidonge kweli vina hoja nzito. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, ulifuatilia watoto 606 katika Angola, Kongo, Kilifi (Kenya) na Mbale (Uganda) waliopewa kila siku haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na malaria ikapungua kwa karibu nusu. Dawa hiyo ni ya zamani, haina hataza, wala haihitaji chumba maalumu kisicho na vijidudu. Wakati huohuo wapo watoto wengi wanaofariki kabla hata mtu hajawachoma kisigino kupima damu. Anayesema shilingi ya kwanza iende kwenye kipimo cha watoto wachanga na kidonge hicho yuko sahihi, nami sina la kumpinga.

Tunaachana pale anapoongeza neno "kwa hiyo": kwa hiyo tusisomeshe wanajenetiki, tusijenge maabara, tusiingie kabisa. Hapo hesabu ya bilioni 24 inatumika kazi isiyo yake. Hakuna mwanasayansi wa hapa niliyemsikia akiiomba serikali imnunulie kila mtoto Casgevy. Wanachoomba ni nchi iwe miongoni mwa zinazotengeneza, si ibaki kwenye foleni ya kununua.

Tena ile milioni 2.2 imetoka wapi? Haikupatikana kwa kujumlisha vifaa na mishahara ya maabara. Bei za namna hii hupangwa kwa kutazama gharama ya kumtibu mgonjwa wa Marekani maisha yake yote, kulazwa kwake, damu anayoongezewa na bima inayolipa, kisha kuuliza soko hilo litavumilia kiasi gani. Ni bei ya mgonjwa wa kule. Kuizidisha kwa watoto wetu 11,000 ni kumpima mtoto wa Temeke kwa bili ya hospitali ya Boston.

Tulishapita njia hii. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, na wapo wakubwa waliosema Waafrika wasingeweza kumeza vidonge kwa saa. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350. Sayansi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anatengeneza na nani anadai. Gharama ya kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote, ya mtu mmoja nayo imetoka kwenye dola milioni 100 mwaka 2001 hadi chini ya dola 1,000.

Najua mlinganisho huo una mwisho wake. Casgevy si kidonge. Seli za mgonjwa hutolewa, huhaririwa maabara, naye hupewa dawa kali ya kuua uloto wake wa zamani (tishu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu), dawa inayoweza kumharibia uzazi, kisha hukaa wodini kwa wiki kadhaa. Kwa kliniki ya wilaya hilo haliwezekani. Ndiyo maana mwaka 2019 taasisi za afya za taifa za Marekani na Gates Foundation ziliahidi dola milioni 200 kutafuta njia ya kuhariri jeni ndani ya mwili wa mgonjwa, bila kuzitoa seli nje. Njia hiyo ikipatikana itahitaji kujaribiwa kwa watu wenye selimundu, na robo tatu ya watoto wanaozaliwa nayo duniani wanazaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Swali ni kama tutaingia humo tukiwa na watafiti wetu mezani au tukiwa na mishipa tu ya kutolewa damu.

Hilo la kutolewa damu si geni. Ushahidi kwamba kubeba jeni moja ya selimundu humkinga mtu na malaria ulitoka kwenye damu ya watu wa Uganda na Kenya. Anthony Allison aliuchapisha mwaka 1954. Miaka sabini baadaye, tiba iliyozaliwa kwenye mti huohuo wa maarifa haipatikani kwa wajukuu wa watu wale.

Mwanzoni mwa 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Upandikizaji huo unategemea ndugu ambaye aina ya tishu zake inafanana na ya mgonjwa, na kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ni moja kati ya nne. Tiba ya jeni hutumia seli za mgonjwa mwenyewe, haimtafuti ndugu. Lakini chumba kisicho na vijidudu, muuguzi anayejua kumlinda mtoto asiye na kinga, mashine ya kuchuja seli kutoka kwenye damu, yote hayo ni yaleyale, na Dodoma yameshaanza kutumika.