Laini ya Umeme Ikikata, Ijiwashe Yenyewe au Isubiri Mtu?

Laini kubwa ya umeme ikikata kwa hitilafu, nani airudishe: mtambo wenyewe kabla hujapepesa macho, au mtu wa chumba cha udhibiti baada ya kuuliza kwanza kuna nini huko porini? Kwa Uganda jibu lina uzito wa pekee, na sababu ya kwanza ni radi.

Dhoruba za Ziwa Victoria zinaufanya ukanda wa Kampala na Entebbe kuwa miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kaskazini nako hakuna nafuu: Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja Kiryandongo, wilaya lilipo bwawa la Karuma. Lakini radi ikipiga mnara wa msongo wa kilovoti 132, mara nyingi haivunji kitu. Cheche inaruka juu ya vikombe, vile vihami vinavyoushikilia waya usiguse chuma, inaunganisha waya na chuma cha mnara, na umeme wa laini unaendelea kupita humo kwenda ardhini hata radi ikiwa imeshaisha. Rilei, kifaa kinacholinda laini, inaona mkondo umepanda na volti zimeshuka, inakadiria umbali wa hitilafu, swichi za pande zote mbili zinafunguka. Hata sekunde moja haijatimia, ile hewa iliyoungua imeshapoa na laini inaweza kuwashwa. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za namna hii. Kusubiri vituo viwili vipigiane simu ni kuwaweka watu gizani bure.

Wapinzani wanajibu kwamba radi haifungui bolti. Wezi wa chuma chakavu wanafungua, mnara unabaki umesimama kwa mazoea, upepo unaumalizia. Sheria ya umeme ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, adhabu zikaongezwa, lakini mnara ulioko mbali na kijiji hauna mlinzi. Waya ulioanguka ukiwashwa tena, transfoma zinapata kishindo cha pili, na ardhi inayouzunguka inakuwa na umeme: mchunga ng'ombe aliyepiga hatua ndefu anaweza kupigwa bila kuugusa waya. Karibu na mitambo kama ya Karuma, yenye megawati 600, kishindo hicho hufika hadi kwenye mhimili wa tabo, gurudumu linalozungushwa na maji.

(Kwa transfoma hakuna ubishi. Mwaka 2016 tumbili aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru, Kenya, nchi nzima ikazimika. Hapo hakuna fundi anayetaka kitu kijiwashe.)

Mimi naegemea kujiwasha, ila kwa fezi moja tu, yaani waya mmoja kati ya mitatu ya laini, na mara moja tu. Fezi mbili zikigusana, au ile moja ikikata tena baada ya kujiwasha, laini ilale mpaka wakaguzi wafike kwenye kilomita iliyotajwa na rilei. Hoja yangu inavuja mahali pamoja: waya mmoja ulioanguka nao huonekana kama hitilafu ya fezi moja, na rilei haijui kama kilichouangusha ni mwizi au kama ilikuwa radi tu.

Ndiyo maana, kabla ya kununua rilei mpya, ningeuliza ni lini mara ya mwisho ukinzani wa ardhi, yaani ugumu wa umeme kupita kwenda ardhini, ulipimwa kwenye miguu ya minara. Ukinzani ukiwa mkubwa, radi hata iliyodakwa na waya wa kinga ulio juu kabisa ya mnara hurudi kwenye vikombe. Na nyaya zinazounganisha mnara na ardhi ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa kwa mwizi kuondoka navyo.