Kufanyia kazi nyumbani: hesabu ya Shanghai na nyumba za Mwanza

Wanaotetea kufanyia kazi nyumbani hupenda kutaja asilimia 13. Ndivyo utendaji ulivyopanda katika jaribio la mchumi Nicholas Bloom na wenzake kwa wapokea simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai, China, lililoanza mwaka 2010 na kudumu miezi 9. Walioacha kazi nao walipungua kwa nusu.

Ila ichambue hesabu yenyewe. Takriban 9 kati ya hizo 13 zilitokana na dakika nyingi zaidi kazini: mapumziko yalipungua, siku za kuugua zikapungua. Ustawi haupimwi hivyo. Baadaye wafanyakazi waliporuhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili mahali, wengine wakarudi ofisini kwa sababu ya upweke, na ongezeko la utendaji likakaribia asilimia 22. Uhuru wa kuchagua ulizaa matunda.

Katika jaribio jingine, Chennai, India, mambo yalikwenda kinyume. Waingiza data waliopangiwa nyumbani walizalisha pungufu kwa asilimia 18 kuliko wenzao wa ofisini, na waliopendelea nyumbani ndio walioshuka zaidi, kwa asilimia 27. Wengi huchagua nyumbani kwa kubanwa na malezi na majukumu, si kwa sababu nyumba inafaa kwa kazi. Shanghai kila mshiriki alitakiwa kuwa na chumba chake na intaneti ya uhakika. Nyumba ya vyumba viwili Mabatini au Igoma, jijini Mwanza, yenye watoto watatu, inafanana zaidi na Chennai. Mvua ikipiga bati, mkutano wa sauti umekwisha.

Tatizo la umeme kukatika linatatulika. Ruta hutumia kama wati 10, kompyuta mpakato kama 50. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, hubeba wati-saa 1,200. Itumie nusu tu, kwani kuikausha huiua mapema. Ukitoa upotevu wa inveta, unapata kama saa 8. Gharama hiyo ni ya mwajiri: anayeokoa kodi ya ofisi asimwachie mfanyakazi bili.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni saa. Kwa anayehudumia wateja wa New York, saa 3 asubuhi yao ni saa 11 jioni Mwanza wakati wa baridi yao, saa 10 wakati wa joto. Akianza na barua pepe za asubuhi, siku haiishi. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) wamehusisha saa 55 na kuendelea kwa wiki na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi.

Kwa maoni yetu, siku mbili nyumbani zinatosha kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, katika kampuni ileile ya China, ulikuta mpango huo umepunguza walioacha kazi kwa theluthi bila kushusha utendaji. Kabla ya kusaini, mwajiri aulize: chumba kina mlango? Nani yumo ndani mchana? Saa ngapi simu inazimwa? Jibu la mwisho liandikwe kwenye mkataba.