Picha za posta si za kufunikwa pazia

Kwangu mimi, jumba bora la sanaa ambalo serikali ya Marekani imewahi kuwapa watu wake ni posta. Kati ya 1934 na 1943, nchi ikijikongoja kutoka kwenye Mdororo Mkuu wa uchumi, kitengo cha sanaa cha Wizara ya Fedha kiliagiza picha za ukutani zaidi ya elfu moja kwa ajili ya posta, nyingi katika miji midogo. Fedha zilimegwa kwenye bajeti za ujenzi, karibu asilimia 1. Wachoraji walishindanishwa bila majina yao kuonekana. Mara nyingi mshindi alipewa ukuta ulio juu ya mlango wa mkuu wa posta, hivyo aliyekuja kununua stempu au kuchukua kifurushi aliiona picha, atake asitake. Wala hapakuwa na kiingilio.

Ndiyo maana watu waligombana. Huko Watonga, Oklahoma, mwaka 1941, chifu Red Bird wa Wacheyenne, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, alijitokeza kupinga mchoro wa Edith Mahier: Roman Nose, chifu wao wa zamani, alikuwa amechorwa kama Mnavajo, mtu wa kabila jingine! Niko upande wake kabisa. Mtu akichorewa mzee wake ukutani, kwa fedha za umma, ana haki ya kusema huyu siye.

Lakini kuna ugomvi wa aina nyingine, nao unaniuma. Mwaka 1938, kitengo hichohicho kilimpa Stefan Hirsch ukuta wa mahakama huko Aiken, South Carolina. Akaichora Haki kama mwanamke. Baadhi ya watu wakaona ngozi yake ina weusi, wakachachamaa, na jaji akaamuru picha ifunikwe pazia. Red Bird alitaka watu wake waonekane sawasawa; wa Aiken walitaka mwanamke yule asionekane kabisa. Naomba tusiyaweke malalamiko haya kwenye kapu moja.

Siku hizi pazia limebadilika sura. Posta kuu ya Bronx, katika jiji la New York, ambayo Ben Shahn na Bernarda Bryson waliipamba kwa picha 13 za wafanyakazi wa mashambani na viwandani, iliuzwa kwa watu binafsi mwaka 2014. Ukumbi wake ulikuwa umeshawekwa chini ya ulinzi wa jiji, na hilo ni jema. Ila halitoshi. Kila mkataba wa kuuza posta ya namna hii ungepaswa kumfunga mnunuzi aache ukumbi wazi, mpita njia aingie na kutazama bila kuulizwa amefuata nini.