Sinki la jikoni lipimwe kwa sufuria ya pilau

Tembelea nyumba mpya za Dar es Salaam, nyingi utaonyeshwa jiko kwa fahari: makabati yanayong'aa, kaunta ya granaiti, taa zilizofichwa. Halafu fungua mlango wa nyuma. Huko ndiko vyombo vinakooshwa. Kuna beseni, kuna kigoda, na kuna dada ameinama juani anasugua sufuria ya pilau kwa stiliwaya, kwa sababu sinki la ndani linapokea vikombe na sahani tu. Fedha zote zile, na kazi nzito ya jikoni bado inafanyiwa uani. Jambo hili linaniuma, na naona dawa yake ipo.

Dawa yenyewe ni sinki la mtindo wa shambani: bakuli moja kubwa, upana wa sentimita 75 hadi 90, kina cha 20 hadi 25, na uso wa mbele ulio wazi, usiofichwa nyuma ya kaunta wala mlango wa kabati. Anayeosha anasimama karibu kabisa na maji. Mikono yake haivuki kwanza ukingo wa kaunta, kwa hiyo mgongo haupindi kama kwenye masinki ya kawaida. Picha za masinki haya zimejaa mitandaoni na wengi wanayapendea sura. Mimi nayapendea asili yake.

Masinki haya yalitokea Ulaya wakati maji hayajafika jikoni kwa bomba. Maji yalitekwa kisimani, yakabebwa kwa ndoo, yakamiminwa kwenye sinki pana, na humo watu wakaoshea mboga, masufuria, nguo, hata watoto. Ukubwa wake ulitokana na shida ya maji. Huko sasa bomba halikauki na sinki limebaki pambo. Kwetu sababu ile ya kwanza bado iko hai. Aliyekuwa Dar mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakaanza kutoka kwa mgao, anajua thamani ya chombo kinachobeba lita 60 hapo hapo jikoni. Hata siku ambazo maji yapo, ndoo ya lita 20 inasimama wima chini ya koki, samaki anaparuliwa bila magamba kurukia ukutani, na beseni la kukamulia tui linakaa ndani bila kuyumba.

Sasa, sinki la nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wauza urembo. Lile jeupe la kauri, linalopigwa picha kuliko yote, linachomwa kwenye tanuri kwa joto linalozidi nyuzi 1,100 na ni gumu kweli kweli. Tatizo lipo kwenye vyombo vyetu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini ni laini kuliko kauri. Ukiiburuza inaacha michirizi ya kijivu mithili ya mstari wa penseli. Michirizi hiyo si mikwaruzo, ni alumini iliyobaki juu ya kauri. Magadi ya unga yaliyolowanishwa kidogo na kitambaa laini vinaiondoa, lakini itarudi kesho. Nani atakuwa na subira hiyo kila siku? Atachukua stiliwaya, na baada ya muda ule mng'ao umekwisha. Glasi ikikuponyoka humo, usitegemee itapona. Nyumba inayopikia vyombo vya chuma cha pua, na yenye wavu wa kutandika ndani ya sinki, kwenye sakafu yake, inaweza kulimudu la kauri. Nyumba ya sufuria za alumini na jiko la mkaa lenye masizi, hapana.

Kuna wanaojengewa sinki la terazo palepale na fundi, kwa saruji nyeupe na chembe za mawe, likasagwa mpaka likalainika. Nalipenda sana kwa macho. Linapatikana kwa kipimo chochote unachotaka na linatengenezwa na mikono ya hapa hapa. Ila pwani tunapika kwa ndimu na ukwaju, na asidi inakula saruji na mawe ya chokaa. Ganda la ndimu likilala humo usiku kucha, asubuhi utaona doa lililopoteza mng'ao. Ukilichagua, lipakwe dawa ya kuzuia unyevu na lisuuzwe kila baada ya kupika.

Chaguo langu ni chuma cha pua, lakini si kile cha bati jembamba linalobonyea ukilisukuma kwa dole gumba. Tafuta unene wa milimita 1.2 au zaidi, na daraja la 304, lenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Watu huenda dukani na sumaku, wakiona haishiki wanadhani wamemaliza. Sumaku inakusaidia kukataa tu. Ikishika kwa nguvu, achana na sinki hilo. Isiposhika, bado linaweza kuwa daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa na kuongezwa manganizi. Nalo halivutwi na sumaku, lakini kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni au Mbezi Beach litaanza madoa ya kutu mapema. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na udai risiti inayotaja daraja.

Kitu kingine cha kwenda nacho dukani ni sufuria yako kubwa kuliko zote. Iweke ndani ya sinki, uigeuze upande. Na anayeosha vyombo nyumbani kwako, awe mama, dada au wewe baba, aende pia asimame mbele ya sinki lililoinuliwa kwa kimo cha kaunta yenu. Akilazimika kuinama ili ncha za vidole ziguse chini, kina kimezidi au kaunta ni fupi mno. Mwenye nyumba asiyewahi kushika sifongo asimchagulie mwenzake maumivu ya kiuno.

Kwenye ufungaji, mpangilio ni mmoja: sinki linunuliwe kwanza, kaunta ifuate. Uso wa mbele ulio wazi unadai pengo kwenye zege, na pengo hilo linaachwa wakati wa kumwaga. Ukisubiri kaunta ikauke ndipo umwite fundi na grainda, atakata mpaka nondo. Kwa sinki la kauri ni muhimu zaidi, maana udongo husinyaa tanuruni na masinki mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana milimita kadhaa. Fundi apime sinki lenyewe, asipime karatasi iliyotoka na boksi.

Halafu uzito. Bakuli la sentimita 75 kwa 40 kwa 22 linabeba lita 66, yaani kilo 66 za maji. Ongeza kauri ya kilo 50 na vyombo, umevuka kilo 120. Mzigo huo usining'inizwe kwa silikoni kwenye kabati la vibao vya unga wa mbao uliogandamizwa, ambavyo vikilowa vinavimba kama mkate. Jengea kuta mbili fupi za tofali kushoto na kulia, au mwaga kitako cha zege chenye tundu la bomba, sinki likalie hapo. Pimamaji iwekwe pande zote mbili kabla ya silikoni, na silikoni iachwe saa 24 bila maji.

Bomba la kutolea maji liwe la inchi 2, maana maji mengi hivi yanapotoka kwa mkupuo bomba dogo hulemewa. Lishuke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita kuelekea kwenye chemba. Kona ya mtego iliyo chini ya sinki isiondolewe hata fundi akisema inapunguza kasi. Maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu na mende.

Siku ya kukabidhiwa kazi, ziba tundu, jaza sinki mpaka karibu na ukingo, kisha achia yote kwa pamoja. Chukua tishu kavu uipitishe kwenye kila kiungo cha bomba chini ya sinki. Ikitoka na unyevu, kiungo kifunguliwe na kufungwa upya, ndipo fundi amaliziwe fedha yake.