Waliipindua kwa sababu ingeweza kufaulu

Hapa Lubumbashi bado ninasikia wazee wakisema serikali ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ilijiangusha yenyewe, kwamba nchi iliwashinda. Kwa heshima zote, wazee wangu, ninakataa. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo letu hili la migodi, imejitenga. Serikali gani duniani inaweza kupimwa kwa siku 11?

Ni kweli askari walikuwa wameasi na watu walikuwa na hofu. Lakini angalieni matokeo ya uchaguzi wa Mei: Conakat, chama cha Tshombe, kilipata viti 8 kati ya 137 katika Bunge la taifa. Mwenye viti 8 hana budi kubembeleza wenzake, kukubali nusu ya anachotaka na kungoja uchaguzi mwingine. Kujitenga kulimwondolea adha hiyo yote. Askari wa Ubelgiji walimlinda, na kodi ya Union Minière, kampuni kubwa ya migodi, ikaingia kwake badala ya kwenda kwa serikali kuu Léopoldville, Kinshasa ya leo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu kabisa na mji wetu huu. Mtu aliyekwisha kushindwa hauawi kwa siri namna ile.

Ndiyo maana ninaamini wenye siasa kali hawangoji demokrasia changa ishindwe. Wanaiwahi ikiwa bado inayumba, maana wanajua ikisimama hawatapata nafasi tena.

Ujerumani iliwahi kuyaona hayo. Novemba 1923 Hitler alijaribu kuipindua serikali akianzia München, wakati mkate mmoja ulinunuliwa kwa mabilioni ya marki. Mwezi uleule pesa mpya ikatolewa, bei zikatulia, na katika uchaguzi wa 1928 chama chake kiliambulia asilimia 2.6 tu. Njaa na ukosefu wa kazi viliporudi baada ya 1929, naye akarudi na nguvu. Kinachoniuma zaidi ni mahakama: kwa uhaini ilimpa miaka mitano, na Desemba 1924 alikuwa amekwisha kuachiwa.

Leo kuna vijana wanaoniambia kwamba Kongo inahitaji mwanajeshi mmoja mkali wa kunyoosha mambo. Shida zao ninazijua, mishahara isiyofika na umeme unaokatika ni vyangu pia. Ila ninawaomba, kabla ya kumshangilia mtu huyo, waulize kodi ya migodi itaingia mfukoni mwa nani, na nani atakuwa na uwezo wa kumuuliza.